Kijana wa mwenye nyumba ananitoa kabla kodi yangu haijaisha. Nihame au nishtaki?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Iyunga hapa Mbeya. Ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza la duka la watu Mwanjelwa. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Mwezi Machi mwaka huu nilipanga vyumba viwili na sebule kwa mzee mmoja mstaafu. Kodi ni 80,000 kwa mwezi, na yeye alitaka ya mwaka mzima, yaani 960,000. Nilijibana, nikauza na cherehani moja. Nusu nilimtumia kwa simu, nusu nikampa mkononi mbele ya mjumbe wa nyumba kumi. Mkataba tuliandikiana kwenye zile fomu zinazouzwa kwenye maduka ya kutoa kopi. Akasaini yeye, mimi, mjumbe na kaka yangu. Unaanza tarehe 1 Machi hadi mwisho wa Februari mwakani. Hauna stempu ya TRA wala muhuri wa mtu yeyote.

Mvua za Aprili zilipopamba moto, bati la chumba cha watoto likavuja hadi dari ikaoza na kuanguka kipande. Nikampigia mzee. Akasema kwa sasa hana kitu, nitengeneze, tutakatana. Akanitumia na meseji, ninayo: "Tengeneza tu mama, tutakatana kwenye kodi ya mwakani." Nilitumia 310,000. Risiti za mabati na mbao ninazo, ya fundi sina.

Sasa mwezi huu wa Juni amekuja mwanawe kutoka Dar. Anataka nyumba aigeuze vyumba vya wanachuo, maana chuo cha MUST hakiko mbali na anaona hela iko huko. Akaja mlangoni jioni, hata hakukaa, akaniambia nimpishe ifikapo tarehe 31 Julai. Nikamwambia kodi yangu inaisha Februari. Akanijibu, "Nyumba ni yetu, tumekupangisha, hatujakuuzia." Anasema atanirudishia kodi ya miezi mitatu, 240,000, na iliyobaki ni ya kupaka rangi na usumbufu. Nilipokataa, kesho yake akatia kufuli choo cha nje, eti kinafanyiwa ukarabati. Hakuna fundi aliyekanyaga pale mpaka leo. Tunaomba choo kwa jirani. Usiku na baridi hii, mtoto wangu wa mwisho namvisha sweta, namfunga na kanga juu, nashika tochi tunazunguka ua wa michongoma hadi nyumba ya tatu.

Mzee mwenyewe anaumwa miguu, kutwa yuko kwenye kiti pale nje anaota jua. Nilimfuata, nikamsalimu, nikamweleza. Aliinamisha kichwa akasema, "Tutaongea, mwanangu." Hatujaongea. Mama mwenye nyumba tuko naye kikoba kimoja na jumuiya moja. Wakati wa msiba wangu alilala kwangu mpaka matanga yakaanuliwa. Sasa hivi akiniona njiani anavuka upande wa pili.

Binti yangu yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba. Kaka yangu anataka aje avunje kufuli. Dalali ameniambia mkataba usio na stempu ni karatasi ya kufungia maandazi. Mwenyekiti wa mtaa anasema nisikilizane nao kwa sababu mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Mwenzangu wa sokoni anasema niende polisi. Kwenye mkataba kuna mstari unasema anayetaka kuuvunja atoe taarifa ya miezi mitatu kwa maandishi, lakini kijana anasema hayo ni maneno ya fomu tu. Mimi ninavyojua, mkataba ni hadi Februari na hakuna wa kunitoa. Lakini Shangazi, nitampelekaje barazani mzee aliyenipa nyumba wakati wenye nyumba wengine walikuwa wanamkataa mjane? Watu watasemaje? Nichukue hiyo 240,000 nimwachie Mungu, au nisimame?

Mpangaji wa Iyunga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana. Pole ya choo kwanza, kwa sababu kwenye barua yako yote hilo ndilo linalokuumiza kila siku, na ndilo umeliandika kwa maneno machache kuliko mengine.

Nikikuelewa vizuri, umebeba mambo mawili ukayafunga fundo moja. Kuna haki yako ya kukaa ulipolipia, au kurudishiwa fedha zako. Na kuna heshima yako kwa wazee wawili waliokufaa siku ngumu. Unaona kama ukishika moja lazima uangushe la pili. Mimi sina hakika na hilo, na nitakwambia kwa nini.

Mkataba umesaini na nani? Na mzee. Aliyekwambia uhame ni nani? Kijana. Soma barua yako tena, hakuna mahali ulipoandika kwamba mzee amekutaka uondoke. Aliinamisha kichwa akasema mtaongea. Huenda amekubaliana na mwanawe na anaona aibu kukwambia. Huenda pia hajakubali, ila ni mgonjwa na anamtegemea huyo huyo kijana kwa dawa na chakula. Na mama anayevuka barabara, wewe umemsoma kama mtu aliyekugeuka. Mtu anayeona haya naye hukwepa macho. Kisheria jambo hili lina uzito. Kijana si mhusika wa mkataba wenu, na maneno yake ya mlangoni hayawi notisi ya mwenye nyumba mpaka mzee aseme kwamba amemtuma au amempa mamlaka. Kwa hiyo mtu wa kwanza wa kuzungumza naye bado ni yule aliyeko kwenye kiti, na mazungumzo hayo usiyafanye peke yako. Nenda na mjumbe aliyesaini na mtu mzima mmoja wa jumuiya anayeheshimika pande zote. Wala huendi kumwomba akuhurumie. Unataka kusikia kutoka kinywani mwake kama mkataba anauvunja au hauvunji.

Sasa tuuangalie mkataba wenyewe, maana hapa nina jambo la kukuuliza kwa upole. Unasema hakuna wa kukutoa hadi Februari. Lakini mstari ule wa taarifa ya miezi mitatu, kama umeandikwa hivyo ulivyonieleza, unampa kila mmoja wenu njia ya kutoka kabla ya muda. Kijana amekosea kusema ni maneno ya fomu tu. Yakishasainiwa ni maneno yenu. Na wewe pia usiyaruke, kwa sababu mbele ya baraza mstari huo utasomwa kwa pande zote mbili. Habari njema ni kwamba taarifa lazima iwe ya maandishi, na mpaka unaniandikia hujapokea karatasi. Miezi mitatu haijaanza kuhesabika. Hata mzee akikuandikia kesho, inafika mwisho wa Septemba, na binti yako atakuwa ameshamaliza mtihani. Sijui kama uliona hilo wakati unauandika mstari ule.

Miaka ya nyuma kulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, iliyomlinda mpangaji hata kama mkataba wake ulikuwa dhaifu. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kinga ya kwanza ya mpangaji ni mkataba wake, ikisimamiwa na Sheria ya Mikataba na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Hiyo Sheria ya Ardhi, kifungu cha 88, inamfunga mwenye nyumba amwache mpangaji aliyelipa kodi na kutimiza masharti aitumie nyumba kwa utulivu, bila bughudha, hata kama hamkuliandika hilo. Choo ni sehemu ya ulichopanga. Kukifunga ili mtu achoke ahame ni kumvurugia huo utulivu, na hilo ni kosa linalosimama lenyewe, mbali na suala la tarehe ya kuhama.

Dalali amekutisha kuliko ilivyo. Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haufi. Kinachotokea ni kwamba hauwezi kupokelewa kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe, pamoja na faini ya kuchelewa. Nenda TRA uulipie mapema kabla hujafika kwenye baraza lolote, na risiti uitunze. Meseji ya mzee nayo ni ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaukubali ujumbe wa simu. Usiifute, usibadilishe simu, na mwombe mtu aipige picha ikionyesha namba na tarehe. Muamala wa ile nusu ya kodi uombe kwa mtandao wako wa simu. Nusu ya mkononi shahidi wake ni mjumbe, basi aandike sasa, wakati kumbukumbu bado mbichi na hakuna aliyemnunulia soda. Fundi wa dari naye aandike alilipwa kiasi gani.

Kuhusu kaka yako, najua anakupenda. Lakini siku atakayovunja lile kufuli, kijana ndiye atakayekuwa mlalamikaji, na kaka yako ataitwa kwa uharibifu wa mali. Polisi, kwa jambo la mkataba, wengi watakwambia ni la madai. Ila kijana akitishia kukupiga, au akitoa vyombo vyako nje kwa nguvu, hapo nenda bila kusita na uchukue namba ya taarifa. Hakuna sheria inayompa mwenye nyumba ruhusa ya kutumia nguvu kumtoa mtu. Na mwenyekiti wa mtaa amesema lililo zuri, msikilizane, lakini asikuache uamini kwamba neno lake ni hukumu. Anaweza kusuluhisha, kushuhudia na kukuandikia barua. Hana mamlaka ya kuamua nani ahame.

Unaogopa kumpeleka mzee barazani. Naomba ulifikirie Baraza la Kata jinsi lilivyo leo. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Wajumbe ni kati ya wanne na wanane, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. Mnakaa, mnasikilizwa, mkikubaliana mnaandikiana. Wala si lazima ukaenda ukiwa umekunja uso. Kwa mzee aliyezidiwa na mwanawe, kikao kama hicho kinaweza kumpa mahali pa kusema asiloweza kusema nyumbani kwake. Inaweza pia kutokea kinyume, akakasirika kwamba umemwita mbele za watu, na mama akakuhama moja kwa moja kwenye kikoba. Hilo nalo lipime. Wewe unawajua, mimi siwajui.

Baraza la Kata lina siku 30. Likishindwa kuwapatanisha, au siku hizo zikipita, ndipo mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya unafunguka, na huko ndiko wanakoweza kuamuru. Huko unaweza kuomba amri ya zuio usitolewe wakati shauri linasikilizwa, na kudai fidia ya hasara uliyopata. Asiyeridhika anakata rufaa Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Angalia kalenda, mwanangu. Ukisubiri hadi katikati ya Julai ndipo uende kata, siku 30 zitakupita ukiwa umeshavuka ile tarehe 31 aliyoitaja kijana. Ukienda mapema, hata kwa kuuliza tu, unabaki na nafasi.

Hasara ya njia hiyo sitaificha. Mashauri huchukua muda. Utafunga meza yako Mwanjelwa siku za kuitwa, na kuna ada na nauli. Na utakuwa unaishi ua mmoja na watu unaobishana nao, huku binti anasoma kwa taa chumba cha pili akisikia kila neno. Wapo walioshinda shauri na hawakutamani kurudi kwenye nyumba ile. Mkazo huo huwezi kuudai fidia.

Basi tutazame njia ya kuhama, maana si aibu, na wala kuhama si kushindwa. Ila hesabu ya kijana haikai. Ukitoka 31 Julai, kodi uliyolipia na ambayo hutakaa ni ya miezi saba, Agosti hadi Februari, yaani 560,000. Yeye anataka kukupa 240,000. Hapo amebakiza 320,000 yako kwa jina la rangi na usumbufu, wakati msumbuliwa ni wewe. Na bado hajagusa 310,000 ya bati na dari. Atasema mlikubaliana kukatana kwenye kodi ya mwakani, na mwakani haupo. Lakini mwakani umeondolewa na wao. Kupata nyumba nyingine kutakudai kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, dalali atataka ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi hawana maneno mazuri kwa mama mwenye watoto. 240,000 haitafika mbali, na ukishasaini kwamba umeridhika, kudai kilichobaki kutakuwa kugumu sana.

Ipo na ya katikati, ambayo ule mstari wa miezi mitatu unaifungulia. Unaweza kuwaambia kwamba uko tayari kuwapisha mwisho wa Septemba, binti akishamaliza mtihani, kwa masharti. Choo kifunguliwe leo, taarifa iandikwe na mzee mwenyewe, kodi ya Oktoba hadi Februari, 400,000, irudishwe kabla hujatoa kitanda, na ya dari iwekewe tarehe. Kijana anapata nyumba yake, ingawa si kwa wakati alioutaka. Hatari yake ni kwamba ukishakubali kuondoka, ahadi ya fedha inaweza kuyeyuka, hasa kama ameshaziingiza kwenye matofali. Ndiyo maana ningetamani makubaliano kama hayo yaandikwe mbele ya Baraza la Kata au msaidizi wa kisheria. Na kama mwisho wa yote utakachotafuta ni fedha tu, bila nyumba, kuna watu hufungua deni la mkataba Mahakama ya Mwanzo. Uliza kwanza mlango sahihi kabla hujalipa ada, maana shauri lililofunguliwa pasipo pake hufutwa na unaanza upya.

Kwa hayo yote usitembee peke yako. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa, na asiyekuwa na uwezo hupewa msaada bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya Halmashauri ya Jiji itakuelekeza aliye karibu nawe. Mpelekee mkataba halisi ausome kwa macho yake, kwa sababu mimi nimejibu kwa kufuata ulivyonisimulia, na neno moja kwenye ule mstari linaweza kubadilisha tarehe.

Umeuliza watu watasemaje. Nimelifikiria sana hilo, kwa kuwa mjane anayedai haki yake husemwa hata akinong'ona. Lakini watu hao hao wamekuona ukizunguka na mtoto usiku kwenda choo cha jirani. Wanajua. Pengine swali la kujiuliza ni unataka kuamka wapi mwezi Oktoba, uwe na nini mkononi, na ni uhusiano upi ambao ungeumia kuupoteza kweli. Kama jibu ni mama wa kikoba, basi mtafute kabla karatasi ya wito haijamfikia mumewe. Mkute jikoni kwake, mkiwa wawili tu, umwambie unachotaka kufanya na kwa nini, asije akalisikia kwa majirani. Huhitaji ruhusa yake.

Siku ukienda kwa mzee beba kopi ya mkataba, ya asili iache kwa kaka. Muulize maswali mawili tu: kama amemtuma mwanawe, na kama yuko tayari kuandika. Akijibu lolote, mjumbe aliandike hapo hapo na tarehe, na hata akikaa kimya, hilo nalo liandikwe.